Emmy Noether, Mwalimu Aliyefundisha Bila Mshahara

Wanafunzi wapendwa, leo nawaletea habari za mwalimu wa hisabati ambaye mawazo yake yanasaidia kutunga programu za kompyuta, ingawa alifariki kabla ya kompyuta za leo kuundwa.

Emmy Noether alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake, Max, alikuwa profesa wa hisabati. Emmy alifaulu mtihani wa ualimu wa Kiingereza na Kifaransa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati. Chuo kikuu cha Erlangen hakikuwaandikisha wanawake. Waliruhusiwa kusikiliza tu, tena kwa idhini ya kila mwalimu. Kati ya wanafunzi 986, wanawake walikuwa 2. Sheria ilipobadilika alijiandikisha, na mwaka 1907 akapata shahada ya udaktari.

Kisha alifanya kazi hapo miaka 7 bila mshahara. Mwaka 1915 mabingwa wa hisabati David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Maprofesa wengine walikataa mwanamke kufundisha, hivyo vipindi vyake vikatangazwa kwa jina la Hilbert. Ruhusa ya kufundisha kwa jina lake mwenyewe aliipata mwaka 1919.

Je, alifundisha nini? Aliwafundisha watu wasiishie kwenye namba hii na ile, bali watazame umbo la jumla, na jinsi umbo moja linavyohusiana na jingine. Nanyi hufanya jambo linalofanana na hilo hapa Kingsbury tunaposoma ngeli. Kiti kizuri kimevunjika. Viti vizuri vimevunjika. Maneno yamebadilika, upatanisho umebaki. Ukiijua njia ya kutoka umoja kwenda wingi, huna haja ya kukariri kila sentensi: kikombe, kitabu na kisu hufuata njia hiyohiyo.

Mmarekani Saunders Mac Lane alihudhuria masomo yake Göttingen. Mwaka 1945 yeye na Samuel Eilenberg, mzaliwa wa Poland, walichapisha makala iliyoanzisha nadharia ya kategoria: hisabati ya njia zinazounganisha vitu, na ya kuhamisha mfumo mzima bila kuvuruga upatanisho wake. Baadaye wataalamu wa kompyuta waliichukua. Programu kubwa hujengwa kwa vipande vidogo, na kinachotoka kipande kimoja lazima kilingane na kinachoingia kipande kinachofuata. Sisi wauguzi tunalielewa hilo: ukiandika uzito wa mtoto kwa ratili mahali panapotakiwa kilo, dozi itakuwa kubwa mno. Lugha ya programu iitwayo Haskell hutumia mawazo ya nadharia hii waziwazi.

Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ilimfukuza Noether kazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Aliendelea kuwafundisha wanafunzi nyumbani kwake, kisha akahamia Marekani, katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr. Alifariki huko tarehe 14 Aprili 1935, siku chache baada ya upasuaji, akiwa na miaka 53.

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi tatu za ngeli ya KI-VI, mzigeuze ziwe wingi, kisha mweleze ni nini kimebadilika na nini kimebaki. Nanyi wazazi, binti akisema anapenda hesabu, mpeni daftari na nafasi mezani.