Beryl Markham na Farasi Aliyenyang'anywa

Wachezaji wa karata za poka wana hila moja mashuhuri. Watu sita wamekaa mezani, na mmoja wao amekwisha kumjua mwenziwe anayeweka fedha kwa karata hafifu. Basi hupandisha dau mapema, kiasi cha kuwatia hofu wale wengine wazitupe karata zao, wakabaki wawili tu. Karata inayotosha kumshinda mtu mmoja huenda isifue dafu mbele ya watano. Kwetu kamari ni haramu, wala simwiti mtu mezani. Lakini bila hila hiyo ni taabu kueleza alichokifanya hayati Beryl Markham mwaka 1926.

Bibi huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Njoro, karibu na Nakuru, angali mtoto mdogo. Mama yake hakukaa. Alirudi kwao, binti akabaki kwa baba, Charles Clutterbuck, aliyekuwa mfuga farasi na mwenye kinu cha kusaga nafaka. Akakua na watoto wa Kikalenjin, akazungumza Kiswahili, akajua kurusha mkuki. Kisha ukaja ukame. Baba alikuwa amejifunga kwa mkataba kuuza unga kwa bei maalumu. Bei ya nafaka ikapanda, naye akatimiza ahadi yake mpaka akafilisika. Akaenda zake Peru. Mzee yule alikuwa amecheza na mvua, na mvua haina uso wa kutazamwa ukajua ina nini mkononi.

Binti akabaki na kazi aliyoijua, kufunza farasi wa mashindano, kazi ambayo wakati ule hapakuwa na mwanamke aliyeifanya Kenya. Alianzia Molo, akashuka Nakuru. Farasi wake bora alikuwa dume aitwaye Wrack, aliyemwandaa kwa mashindano ya St. Leger ya Nairobi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, zilipobaki wiki kumi na mbili tu, mwenye farasi alighairi, akamhamishia kwa mfunzaji mwingine. Waliokuwa wakiweka fedha wakamtazama Wrack, si aliyemfunza.

Badala yake alipata farasi jike, Wise Child, mwenye damu njema na miguu mibovu. Kano zake zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi ya pupa. Pamoja na arap Ruta, rafiki yake wa tangu utotoni, akamuuguza na kumzoeza.

Katika mbio za farasi huwezi kumtisha mtu akatoka uwanjani, wote watakimbia. Kwa hiyo aliwatoa wengine katika hesabu yake tu. Miguu ile ilikuwa na shindano moja, pengine lisitimie, na farasi wa kuhofiwa alikuwa mmoja. Huyo mmoja alimjua kuliko alivyomjua bwana wake mpya, maana nguvu za Wrack zilipita mikononi mwake yeye. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa na hatari: angetokea farasi wa tatu asiyetazamiwa, hesabu yote ingeanguka, kama mcheza poka anayepandisha dau na asitoke mtu.

Hakutokea. Alipanda Sonny Bumpus. Karibu na mwisho miguu ya Wise Child ikaanza kumsaliti, Wrack naye yuaja nyuma yake. Jike yule hakukubali kupitwa, akashinda. Yaelekea Beryl alishangilia kwa moyo mzito, kwani aliyeshindwa naye alikuwa kazi ya mikono yake.

Baadaye alijifunza urubani, na Septemba 1936 akaivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, akiruka kuelekea magharibi. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilisahauliwa, kikachapwa tena 1983. Lakini kwa farasi alirudi, akawafunza miaka mingi. Alifariki Nairobi mwaka 1986. Nyumba aliyokaa ilikuwa jirani na uwanja wa mbio.