Jamaa wa Grogan na samaki wa mito yetu

Gari likikuharibikia Nairobi, mtu atakuambia uende Grogan. Unafika Barabara ya Kirinyaga, unazungukwa na spea, grisi na mafundi wanaokuita mkubwa hata kabla hujafunga mlango. Kirinyaga ndilo jina la sasa. Grogan ni la zamani, na limekataa kutoka midomoni mwa watu. Wengi hudhani ilikuwa kampuni. Wapi! Alikuwa mtu. Na kama wewe ni wa huku Litein au Kapkatet, na umewahi kuona mtu amesimama ndani ya Mto Kiptiget akirusha mshipi nyuma na mbele kama anayeswaga ng'ombe usiowaona, ujue mchezo huo nao una mkono wake.

Ewart Grogan alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874, katika familia ya watoto 21. Ndiyo, 21. Shule ya Winchester ilimfukuza, na Cambridge wakamfukuza pia. (Mimi chuo nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, usitufananishe.) Mwaka wa 1896 akaenda kupigana upande wa wakoloni dhidi ya Wandebele. Baadaye akampenda Gertrude Watt, msichana wa New Zealand aliyetoka familia yenye pesa. Baba wa kambo wa msichana akamwona jamaa hana mbele wala nyuma. Grogan akasema atavuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo ili kuonyesha yeye ni mtu wa aina gani. Akavuka kweli, sehemu kubwa kwa miguu, akafika 1900 akiwa na miaka 25. Mwaka huohuo wakaoana.

Wakahamia Kenya. Hapo akawa mtu wa mbao, mashamba, viwanja na maneno mengi. Kinamasi kando ya Mto Nairobi ambacho watu walikidharau alikinunua, na ndiyo maana mpaka leo unaenda Grogan kutafuta taa ya gari.

Sasa samaki. Mlowezi aliyezoea kuvua kwao alitazama mito ya baridi ya milima yetu, maji meupe yanayopiga mawe, akaona kuna kitu kimekosekana: trauti. Mwaka wa 1905 Grogan akaagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti. Hebu fikiria kazi hiyo. Yai la trauti likipata joto limekufa. Ni meli mpaka Mombasa, treni kupanda bara, halafu milima ya Aberdare isiyo na barabara, mpaka Mto Gura. Wakaishi, wakazaana. Walowezi wengine wakaleta aina nyingine na kuwasambaza katika mito ya baridi, mpaka huku kwenye maji yanayoteremka kutoka msitu wa Mau kupita katikati ya majani chai.

Utamu wake ni upi? Trauti si samaki wa kukaa na kopo la minyoo ukisinzia. Chambo chake ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana mpaka yafanane na mdudu. Unakitupa juu kidogo ya pale anapojificha, nyuma ya jiwe, na maji yenyewe yanampelekea. Akiona kivuli chako, umekwisha. Asipokiona, mshipi unakaza ghafla, anaruka nje ya maji, anakimbilia kwenye mawe, na wewe uko hapo magoti yamekufa ganzi kwa baridi, mkono unatetemeka, huwazi kodi wala data. Ni raha ambayo simu haina.

Ndugu yake kwa raha hiyo ni besi wa mdomo mkubwa, aliyeletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka wa 1929. Huyo hupanua mdomo, anameza chambo, kisha anaruka akitikisa kichwa ili aiteme ndoana. Lakini besi hakumeza chambo peke yake. Naivasha ilikuwa na kisamaki chake cha asili, kidogo kama kidole. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Hakuna aliyekiuliza kama kinataka mgeni.

Na sisi pia hatukuulizwa. Mnamo Machi 1907, kwa sababu dada yake alilalamika kuhusu wavuta riksho, Grogan aliwachapa viboko Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, mchana, umati wa wazungu ukitazama. Hakimu aliyejaribu kumzuia hakusikilizwa. Kifungo chake kilikuwa mwezi mmoja, tena hakukaa jela ya kawaida. Alikaa ndani ya nyumba. Ukisoma sifa zake zote za safari na ujasiri, weka na hiyo hapohapo kando. Mimi siwezi kuitenganisha. Wale watatu hawana barabara hata moja.

Gertrude alifariki 1943. Hospitali ya watoto ya Gertrude's, Muthaiga, iliyofunguliwa 1947, ilitokana na mume wake kutaka akumbukwe. Yeye mwenyewe alifia Cape Town mwaka wa 1967 akiwa na miaka 92, Kenya ikiwa huru tayari, na shoka la mbao ambalo yeye alikuwa miongoni mwa walioanza kulishika likiwa bado kazini.

Hilo la shoka ndilo linaloniuma sasa. Trauti anataka maji baridi na safi. Mau ikikatwa, jua linayafikia maji, udongo unateremka, na mayai yanafunikwa na tope kwenye changarawe. Ukitaka kumwona, ulizia leseni kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti, kisha panda juu asubuhi na mapema, kule ambako miti bado inafunika mto. Vaa nguo zisizong'aa. Tembea polepole ukielekea mto unakotoka, maana trauti hukaa kichwa juu, akitazama huko, na wewe unamjia kwa nyuma.