Karamojo Bell: mwindaji aliyeua tembo 1,011, wengi wao kwa risasi ndogo

Kaskazini-mashariki ya Kongo, ng'ambo ya mpaka wa leo na Uganda na Sudan Kusini, kuna eneo lililoitwa Lado. Kuanzia 1894 lilikuwa mikononi mwa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji. Alipofariki Desemba 1909, Wabelgiji walijiandaa kuondoka, na mwaka 1910 eneo hilo likapewa Sudan. Katika miaka hiyo wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika humo. Mmoja wao ni Walter Bell, Mskoti ambaye jina lake bado linatajwa kila wapenzi wa bunduki wanapobishana kuhusu risasi.

Bell alizaliwa 1880 karibu na Edinburgh. Wazazi wake walifariki akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na kaka zake. Shule ilimshinda, akatorokea baharini. Kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa amekwisha kuwinda simba kwenye njia ya reli ya Uganda, kisha akaenda Kanada kuuza nyama ya pori kwa wachimba dhahabu. Baada ya vita vya Makaburu alirudi Afrika Mashariki na kuingia Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Hapo ndipo alipopata jina la Karamojo.

Wakati huo, wengi waliamini kwamba mnyama mkubwa anahitaji risasi kubwa. Bunduki nzito aina ya .577 ilirusha risasi ya gramu 48 hivi, yenye upana wa karibu milimita 15. Ilipiga bega la mwindaji kwa nguvu, na risasi zake zilikuwa ghali na nzito kubeba safarini. Bell alichagua bunduki ya milimita 7, iliyouzwa na Rigby wa London. Risasi yake ilikuwa na gramu 11 tu, ndefu, yenye kichwa cha mviringo, iliyofunikwa yote kwa chuma kigumu.

Siri iko katika hesabu ndogo. Ukigawa uzito wa risasi kwa eneo la uso wake, ile ndogo inapata karibu gramu 27 kwa kila sentimita mraba, na ile kubwa inapata 28. Maana yake, kila sehemu ya uso wake inasukumwa na uzito uleule. Kwa hiyo ile nyembamba inaweza kupenya mfupa karibu sawa na ile nene.

Mwaka 1905 jeshi la Ujerumani lilileta risasi ya aina nyingine: nyepesi, yenye ncha kali, gramu 10 badala ya karibu 15. Hewa haiizuii sana, hivyo inafika mbali bila kushuka haraka. Kwa mwindaji anayelenga swala aliye mbali, hiyo ni faida kubwa. Lakini risasi ya ncha kali ikiingia mwilini hupinduka kwa urahisi na kupoteza njia. Ile ya kichwa cha mviringo huchoka mapema hewani, lakini huendelea kunyooka ndani ya mfupa. Bell alihitaji huo unyoofu, kwa sababu alimsogelea tembo karibu.

Tena hakutegemea bahati. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, ukitazamwa kutoka kila upande. Katika maisha yake aliua tembo 1,011, karibu 800 kati yao kwa ile milimita 7.

Katika vita vya kwanza vya dunia alikuwa rubani, akapata nishani ya Military Cross. Baadaye aliishi Scotland, akaandika vitabu na kuchora picha, hadi alipofariki 1954.

Sifa yake iliacha deni. Wengi walioiga bunduki yake hawakuwa na ujuzi wake wala subira yake ya kusogea karibu, na tembo waliojeruhiwa walikimbia na kwenda kufia porini. Nchi kadhaa za Afrika ziliweka sheria ya kipimo cha chini cha bunduki kwa wanyama wakubwa, mara nyingi .375.

Deni kubwa zaidi ni la wanyama wenyewe. Si mbali na Lado ya zamani, katika mkoa wa Haut-Uélé, iko mbuga ya Garamba iliyoanzishwa 1938. Tembo wake wamepungua sana, na walinzi wao wameuawa na majangili. Bell alionyesha kwamba ujuzi unaweza kushinda ukubwa wa risasi. Lakini ujuzi huohuo, ukiwekwa mikononi mwa anayetafuta pembe tu, humaliza kundi zima.