Munganga Ogino, mutu aliyegeuza hesabu ya mimba

Jina la Ogino, wamama wengi wanalijua kutoka ku lopitalo, wakati wa kufundishwa kupanga uzazi: metode Ogino. Wengine wanafikiri ni jina la dawa, ao la Muzungu fulani. Hapana. Ogino alikuwa munganga wa Japani, na yeye alitaka kusaidia watu wapate mimba, si kuikimbia.

Kyusaku Ogino alizaliwa mwaka 1882 mu muji wa Toyohashi, mu jamaa ya Nakamura. Akiwa kijana, jamaa ya Ogino ikamupokea kama mutoto wao, njo maana akachukua jina lao. Alimaliza masomo ya unganga ku iniversite ya Tokyo mwaka 1909. Mwaka 1912 akaenda kutumika ku lopitalo Takeyama, mu muji wa Niigata, na pale njo alikaa maisha yake yote.

Mu Japani ya wakati ule, sawa vile kwetu, muke asiyezaa alibeba lawama peke yake. Na hata wanganga hawakujua siku gani mimba inashika. Wengi walifikiri ni siku za karibu na kuona mwezi, na kama siku za katikati ni za bure. Ilikuwa kinyume kabisa.

Ogino alipopasua wagonjwa, aliangalia kwa macho yake mahali mayai ya muke yanatokea, kisha akalinganisha na tarehe zao za kuona mwezi. Wenzake walihesabu kuanzia mwezi uliopita. Yeye akageuza: tuhesabu kurudi nyuma, kutoka mwezi unaokuja. Akaona kama yai linatoka kati ya siku 16 na siku 12 mbele ya mwezi unaokuja, hata kama muke mumoja ana siku 26 na mwingine 32.

Mfano: mama anangojea mwezi wake tarehe 30. Yai litatoka kati ya tarehe 14 na 18. Na kwa sababu mbegu ya mwanaume inaishi siku kadhaa mu tumbo, Ogino alihesabu siku za mimba kuanzia tarehe 11 mupaka 18.

Aliandika hesabu yake mu Japani mwaka 1924. Mwaka 1929 akaenda Ujeremani, na mwaka 1930 ikachapwa kwa Kijeremani. Mu Austria, munganga Hermann Knaus alikuwa amepata hesabu ya karibu sawa, kwa njia yake mwenyewe.

Lakini Ulaya waliigeuza: wakachukua siku zile ili wazikimbie. Mwaka 1951, Papa Pius XII aliruhusu Wakatoliki kuifuata kama wana sababu nzito. Ogino hakupenda, juu alijua kama hesabu ile si ya nguvu kwa kuzuia mimba: ugonjwa ao wasiwasi inaweza kugeuza mwezi wa muke. Mu Ufaransa, watoto wengi walizaliwa vile, wakaitwa watoto wa Ogino.

Yeye aliendelea na kazi, pamoja na kupasua wamama wenye kansa ya mulango wa kizazi. Alikufa mwaka 1975, na miaka 92. Mu Niigata kuna barabara yenye jina lake.

Kwetu sisi wa mine, hesabu yake ina maana nyingine tena. Bwana anayefanya poste ya usiku, ao anayelala ku kambi mbali na nyumba, anaweza kukosa siku zile mwezi kwa mwezi, kisha jamaa inaanza kusema muke ni tasa. Mama aandike ku kalendari siku ya kwanza ya kuona mwezi, miezi sita ao zaidi. Bwana naye aangalie kalendari ile. Kama mwaka moja unapita bila mimba, ao miezi sita kama mama amepita miaka 35, waende ku munganga wote wawili. Hata mwanaume anaweza kuwa njo mwenye shida.