Baker na Watu wa Miti

Wangari Maathai sote twamjua, lakini miaka 55 kabla ya mikanda yake ya kijani alikuwepo Richard St. Barbe Baker. Jamaa alizaliwa Hampshire mwaka 1889, akasomea misitu Cambridge, na 1920 akaenda Kenya kama ofisa wa misitu. Alikuta vilima vya Wakikuyu vimekuwa vipara. Wenyeji walikata miti wapate pa kulima, ndiyo, ila ardhi nyingi wakoloni walishaigawia walowezi. Baker aliwaendea wazee, na 1922 pale Muguga ikachezwa ngoma ya miti. Vijana waliahidi kupanda miti 10 kila mwaka, wakaitwa Watu wa Miti. Mwaka 1924 chama hicho kikafika Uingereza. Baker alifariki Kanada 1982, akiwa na miaka 92.

Mimi ni mtu wa uhandisi, nakaa hapa Stanmore, jirani na msitu wa hifadhi wa Bentley Priory. Wenzangu mnaosomea hifadhi na matumizi ya ardhi, mkirudi Aberdare au Usambara, kabla ya kuhesabu miti muulizeni mwenyeji ana shamba la kumtosha? Asipokuwa nalo, miche yenu haitafika mbali.