Denis Burkitt: Daktari Aliyetoka Nje Kumfuata Mama na Mtoto

Katika hospitali zetu za Masasi, Ndanda na Newala si ajabu kumkuta mama ameketi kando ya kitanda, akimpepea mtoto wake anayeumwa. Mara nyingi ni malaria, na baada ya siku chache hurudi nyumbani. Lakini wapo akina mama wanaoambiwa kwamba mtoto ana saratani. Aina mojawapo ya saratani hiyo inaitwa duniani kote kwa jina la daktari aliyeichunguza hapa Afrika Mashariki. Maisha yake yanatupa somo.

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ireland, akalelewa katika familia ya Kianglikana yenye kumcha Mungu. Akiwa na umri wa miaka 11 aliumizwa na kupoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akatambua katika sala kwamba wito wake ni udaktari. Alipoomba kazi Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akahudumu Lira, na baadaye katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Burkitt hakuutambua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo, ameketi kwenye nyasi pamoja na mama yake. Akatoka nje, akawaendea. Alipompima mtoto yule, alikuta uvimbe mwingine tumboni.

Tangu hapo hakutulia. Alipekua majalada ya hospitali, na mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza. Alituma barua na picha kwa mamia ya hospitali, nyingi zikiwa za misheni. Mwezi Oktoba 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, alianza safari ya wiki kumi kwa gari lililokwisha kutumika. Walipita Tanganyika na kuelekea kusini mwa Afrika, wakisafiri karibu kilometa 16,000 na kuzuru hospitali zaidi ya 50. Waligundua kwamba ugonjwa huo huonekana zaidi katika nchi zenye joto, mvua na malaria, wala si katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, wakichunguza vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Kampala, walitambua kirusi kinachohusika nao.

Burkitt pia aliwapa watoto hao dawa za saratani. Baadhi yao uvimbe uliyeyuka, wakapona kabisa. Aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki dunia tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza.

Ndugu zangu, joto na malaria vilivyomo katika ramani ya Burkitt tunavijua vizuri. Taya likivimba upesi na meno kulegea, au tumbo likijaa, tusiseme ni jino tu wala tusimtafute mchawi. Mtoto apelekwe hospitali mapema. Na jambo moja lieleweke: uvimbe huu unaweza kupotea ndani ya siku chache baada ya dawa za kwanza, hata familia ikadhani mtoto amepona. Tiba ikikatizwa hapo, ugonjwa hurudi.

Hapa ndipo mzigo wa mama unapokuwa mzito kupita kiasi. Yuko Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500 kutoka nyumbani. Nyuma yake korosho zinaoza chini ya miti, watoto wengine wako kwa bibi, nauli imekwisha, na simu inamtaka arudi. Tunamsifu kwa uvumilivu wake, na kweli anastahili sifa. Lakini sifa zetu hazimlipii nauli. Mama anayekatiza tiba si lazima awe amekosa imani. Pengine amekosa watu.

Burkitt hakungoja mama yule ainuke kwenye nyasi na kumfuata ndani. Alitoka yeye. Jumuiya ndogondogo nazo zitoke: wengine waokote korosho za mama huyo, wengine wawachotee maji watoto waliobaki, wengine wachange nauli. Wajomba na baba wa mtoto wapokezane naye zamu ya kukaa hospitalini. Simoni wa Kirene aliubeba msalaba wa Bwana kwa mabega yake mwenyewe. Bikira Maria, Mama wa Mateso, awaombee akina mama hawa, na atuombee sisi tusiwaache peke yao.