Unapanga safari ya kuonja shampeni? Mjue kwanza mjane wa Reims

Tuseme umejipanga. Umeweka akiba mwaka mzima, umepambana na fomu za viza ya Schengen, na wewe na mbogi yako mmekubaliana kwamba likizo ya mara hii si ya Diani. Mnaenda Ufaransa, eneo la Champagne, kuzunguka kwa watengenezaji wa ule mvinyo wa mapovu ambao huku hufunguliwa harusini na madereva wa mbio za magari hurushiana jukwaani. Poa sana. Lakini kuna mwanamke mmoja ambaye utakutana na jina lake kila kona ya mji wa Reims, kwenye chupa, kwenye mabango, hadi makaburini. Ukimjua kabla hujapanda ndege, safari itakuwa na ladha tofauti kabisa.

Jina lake ni Barbe-Nicole Ponsardin. Alizaliwa Reims tarehe 16 Desemba 1777. Na tuambiane ukweli mapema: huyu hakuanza na mikono mitupu. Hizo hadithi za mitandaoni za tajiri aliyeanza na shilingi mia mbili, hii si mojawapo. Baba yake, Nicolas Ponsardin, alikuwa mwenye viwanda vya nguo, tajiri wa kutajika pale mjini, na baadaye akawa meya wa Reims na kupewa cheo cha heshima na Napoleon. Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka mwaka 1789, msichana huyu alikuwa na miaka 11, na familia kama yao ndizo zilizokuwa zikiwindwa. Masimulizi ya Reims yanasema alitoroshwa kutoka shule ya watawa akiwa amevishwa nguo za kimaskini ili umati usimtambue. Baba naye alikuwa mjanja. Alibadilisha upande wa siasa haraka, na familia ikabaki na vichwa vyao na mali yao.

Mwaka 1798 aliolewa na François Clicquot, mtoto wa jirani aliyekuwa pia kwenye biashara ya nguo. Wakati huo ibada za hadharani bado zilikuwa na shida, kwa hivyo inasimuliwa kwamba harusi ilifungwa ghalani, chini ya ardhi. Mwaka uliofuata walipata mtoto wao wa pekee, Clémentine.

Familia ya Clicquot ilikuwa na kabiashara kadogo ka mvinyo pembeni. Baba mkwe, mzee Philippe, alikuwa amekaanzisha mwaka 1772, lakini pesa yenyewe ilitoka kwenye nguo na mambo ya benki. François ndiye aliyeuvalia njuga mvinyo. Alisafiri kutafuta wateja, akaajiri mchuuzi mmoja hodari kutoka Ujerumani, Louis Bohne, na mkewe akawa anajifunza naye kuhusu mashamba ya mizabibu. Faida haikuonekana. Ulaya ilikuwa vitani, bandari zilifungwa leo na kufunguliwa kesho, na chupa nyingi zilipasuka kabla ya kumfikia mnunuzi.

Halafu Oktoba 1805 François akafa kwa homa. Barbe-Nicole alikuwa na miaka 27 na mtoto wa miaka sita.

Hapa ndipo hadithi inaanza kuuma, na ukiwa umekulia Kenya hutahitaji kuelezewa sana. Sote tunajua mjane hutazamwa vipi siku arobaini baada ya mazishi: nani atachukua shamba, nani ana funguo za duka, na huyu mama ataolewa na nani. Mzee Philippe, akiwa amevunjika moyo kwa kumpoteza mwanawe wa pekee, aliamua kufunga biashara ya mvinyo. Ilikuwa inaeleweka. Ilikuwa inakula pesa.

Sasa sheria. Mwaka mmoja tu kabla, 1804, Ufaransa ilikuwa imepitisha sheria za Napoleon zilizomweka mke chini ya mumewe katika mambo ya mali na mikataba. Msichana alikuwa chini ya baba, mke chini ya mume. Lakini mjane aliachwa kwenye pengo fulani. Yeye aliweza kutia sahihi mwenyewe, kumiliki na kuendesha biashara. Ona hilo vizuri: kifo cha mumewe kilimvunja, na kifo hichohicho ndicho kilichompa uhuru ambao wanawake wengine wa mji ule hawakuwa nao. Kama angeolewa tena, angeupoteza. Hakuolewa tena maisha yake yote.

Alimwendea baba mkwe na ombi. Asifunge. Amwachie yeye, na aongeze mtaji juu yake. Fikiria ujasiri huo: kampuni inapata hasara, huna uzoefu wa kuiendesha, na unaomba uongezewe pesa. Mzee alikubali, ila kwa sharti. Lazima ajifunze kazi kwa miaka minne chini ya mtengenezaji mvinyo mzoefu, Alexandre Fourneaux, wakiwa wabia. Hakuna cheti wala mahafali. Ni kushinda ghalani, kuonja, kupiga hesabu na kuandika barua kwa wateja hadi usiku.

Na miaka hiyo minne ilikuwa mibaya. Mzigo mkubwa ulikwama bandarini Amsterdam kwa sababu ya vita, ukaharibika. Wateja walikosa pesa. Mkataba ulipoisha mwaka 1810, Fourneaux alienda zake. Wengi wangesema imetosha. Barbe-Nicole alimrudia mzee Philippe, mzee akamwamini mara ya pili, na kampuni ikapewa jina jipya: Veuve Clicquot-Ponsardin. Neno hilo la kwanza kwa Kifaransa ni mjane tu. Alichukua lile neno ambalo watu walilitumia kumwonea huruma, akalibandika kwenye chupa.

Mwaka 1811 kimondo chenye mkia mrefu kilionekana angani Ulaya kwa miezi mingi, na mavuno ya zabibu mwaka ule yakawa ya ajabu kwa wingi na ubora. Shida ilikuwa moja: soko lake kubwa lilikuwa Urusi, na Urusi ilikuwa vitani na Ufaransa. Mvinyo mzuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza ulilala gizani ukisubiri. Mapema mwaka 1814 wanajeshi wa Urusi walifika hadi Reims kwenyewe na kunywa mvinyo wa mji huo. Mfanyabiashara mwingine angelia. Yeye aliona hawa ni wateja wanaoonja, na siku moja watarudi kwao.

Napoleon alipoanguka mwaka huo, washindani wake walisubiri amani itangazwe rasmi na vikwazo vya biashara viondolewe. Yeye hakusubiri. Kwa siri alikodi meli ya Kiholanzi, Zes Gebroeders, akapakia chupa 10,550, na Louis Bohne akasafiri nazo kutoka Rouen hadi Königsberg, bandari ambayo leo ni Kaliningrad. Kama wangekamatwa, au joto la kiangazi lingepasua chupa, hapangekuwa na kampuni tena. Aliweka kila kitu kwenye meli moja.

Mzigo ulifika salama. Watu waligombania chupa kabla hata hazijaenda mbali na bandari, na meli ya pili ikafuata haraka. Washindani walipoamka, Warusi walikuwa tayari wanalijua jina la mjane.

Kupata soko ni jambo moja, na kulitosheleza ni lingine. Hapa unahitaji kujua jinsi kinywaji hiki kinavyotengenezwa, kwa sababu kwenye ziara utaonyeshwa haya. Mvinyo wa kawaida hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, kisha chupa huzibwa. Hamira inakula sukari, inatoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Presha ndani hufika karibu mara tatu ya ile ya tairi la gari. Ndiyo maana chupa ni nzito. Lakini hamira ikishakufa hubaki humo kama tope, na enzi hizo kuiondoa ilikuwa kazi ya kuchosha: unamimina mvinyo kutoka chupa hii hadi nyingine, unapoteza mapovu, unapoteza mvinyo, unapoteza muda.

Karibu mwaka 1816, akiwa na mkuu wake wa ghala, Antoine de Müller, alikuja na suluhisho. Inasimuliwa kwamba alichukua meza ya jikoni akaitoboa matundu. Chupa huingizwa kichwa chini, zimeinama, na kila siku mtu huzigeuza kidogo na kuzitikisa. Baada ya wiki kadhaa tope lote limeteremka hadi shingoni. Unafungua, linaruka nje, unaongeza mvinyo kidogo, unaziba kwa kizibo. Mvinyo unabaki safi kama maji ya chemchemi. Alijaribu kuificha siri hiyo, lakini si unajua wafanyakazi huhama? Miaka ilipopita, eneo zima lilikuwa linafanya vivyo hivyo. Mwaka 1818 pia alianza kuchanganya mvinyo mwekundu wa kijiji cha Bouzy na mweupe ili kupata shampeni ya rangi ya waridi, njia inayotumika hadi leo.

Usidhani baada ya hapo ilikuwa mteremko. Mwishoni mwa miaka ya 1820 benki aliyohusika nayo iliporomoka, na kampuni ikawa karibu kuzama nayo. Aliyemwokoa ni kijana wa Kijerumani aliyemwajiri mwaka 1821, Edouard Werle, ambaye aliweka mali yake mwenyewe rehani ili kulipa waliokuwa wakidai. Mwaka 1831 akamfanya mbia.

Nyumbani nako kulikuwa na mengine. Clémentine aliolewa mwaka 1817 na mtu wa ukoo wa heshima, Louis de Chevigné, ambaye kutumia pesa ilikuwa kipaji chake. Mama mkwe alilipa bili zake miaka nenda miaka rudi. Na hapa kuna jambo ambalo bado linanisumbua: mwanamke aliyepigania nafasi yake hivyo hakumfundisha binti yake kazi. Alimtafutia cheo kwa ndoa. Na kampuni yenyewe aliiacha mikononi mwa Werle. Unaweza kusema aliangalia biashara kabla ya damu. Unaweza pia kusema mlango aliopitia yeye hakuuacha wazi. Mimi naona yote mawili ni kweli.

Alistaafu mwaka 1841, akajenga kasri kubwa kijijini Boursault, na akafa huko tarehe 29 Julai 1866 akiwa na miaka 88. Ile lebo ya manjano unayoijua ilisajiliwa mwaka 1877, yeye akiwa kaburini.

Sasa rudi kwenye ramani yako. Kutoka Paris, shika treni ya mwendo kasi kituo cha Gare de l'Est. Dakika kama 45 hivi uko Reims. Ziara za maghala lazima uweke nafasi mapema mtandaoni, maana hufurika, na baadhi ya nyumba hufunga miezi ya baridi. Chini ya mji kuna mashimo ya chaki yaliyochimbwa zamani sana, yaliyogeuzwa maghala, na UNESCO iliyatambua pamoja na mashamba ya Champagne kama urithi wa dunia mwaka 2015. Beba sweta hata kama ni Agosti. Huko chini ni baridi mwaka mzima, nyuzi 10 hadi 12 hivi. Ukiona ubao uliotobolewa matundu, chupa zimeinama vichwa chini, sasa unajua ulitoka kwa nani.

Usijaze siku. Nyumba mbili zinatosha, moja kubwa yenye jina na moja ya mkulima mdogo anayetengeneza kwa zabibu zake mwenyewe, uonje tofauti. Kula kwanza. Kutema kwenye chombo kilichowekwa mezani si kukosa adabu. Ndivyo wenye kazi hiyo hufanya siku nzima, la sivyo hakuna ambaye angefika saa tisa akiwa wima. Siku ya pili nenda Épernay, halafu pandeni bonde la mto Marne mkalitazame kasri la Boursault likiwa juu ya kilima.

Na kabla hujaondoka Reims, tenga nusu saa kwa makaburi ya Cimetière du Nord, alikozikwa. Hakuna tiketi wala foleni, na hakuna anayekuuzia kitu. Simama tu pale umfikirie akiwa na miaka 27, mbele ya baba mkwe aliyetaka kufunga duka, akiomba aongezewe mtaji.